Mkopo wa Kila Wiki: Wanawake wa Kitamil Baada ya Vita

Watu wengi huku kwetu Uganda wakisikia jina la Sri Lanka hukumbuka chai na kriketi. Mimi pia nilikuwa hivyo hadi mwaka wa pili chuoni, tulipopewa kazi ya kuchagua nchi iliyotoka vitani na kueleza kwa Kiswahili namna watu wake wanavyojaribu kujiinua. Wenzangu kadhaa walichukua Rwanda, wengine Msumbiji. Mimi ni mzaliwa wa Gulu, na habari za vita vya kwetu nimeshaulizwa na wageni mara nyingi mno, kwa hiyo nikatafuta mahali pa mbali ambapo hakuna atakayeniuliza tuliishi kambi gani. Nikaangukia kaskazini mwa Sri Lanka. Kazi ile niliikabidhi zamani na alama nimepata, lakini wanawake niliosoma habari zao hawajanitoka moyoni. Walisaidiwa na wengi, na sehemu ya msaada huo ikawaumiza.

Vita kati ya serikali na wapiganaji wa LTTE, waliodai Watamil wawe na nchi yao, vilianza mwaka 1983 na kwisha Mei 2009 kwenye kipande chembamba cha pwani katika wilaya ya Mullaitivu. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 2011 kwamba raia waliouawa katika miezi ile ya mwisho huenda walifika 40,000. Waliosalimika, karibu watu 300,000, waliwekwa kambini. Kambi kubwa kuliko zote, Menik Farm karibu na mji wa Vavuniya, ilifungwa Septemba 2012. Watu wakarudi vijijini, na katika nyumba nyingi aliyerudi kuwa mkuu wa kaya alikuwa mwanamke. Idadi inayotajwa mara nyingi ni wajane karibu 90,000 katika mikoa ya Kaskazini na Mashariki.

Ili kujua wanawake hawa walirudi na nini, ni lazima kwanza tuizungumzie dhahabu. Kwa familia ya Kitamil dhahabu ni pambo na ni benki pia. Binti akiolewa hupewa bangili, hereni na mikufu, na mumewe humfunga shingoni thali, ambayo ndiyo alama ya ndoa. Mavuno yakiharibika, bangili inapelekwa rehani. Mavuno yakiwa mazuri, inakombolewa. Katika miezi ya kukimbia mabomu, dhahabu hiyo iliuzwa kwa mchele, ikapotea njiani, au ikafukiwa ardhini mahali ambapo mwenyewe hakuweza kupaona tena. Kwa hiyo mwanamke aliyerudi kijijini mwaka 2010 alikuwa amepoteza mume, nyumba, ng'ombe, na akiba ambayo ingemsaidia kuvipata tena vingine vyote. Na kama ni mjane, mila ilimwondolea hata nafasi ya kukaa mbele arusini, kwa kuwa kumwona mjane siku ya furaha huhesabiwa na wengi kuwa nuksi. Sasa mwambie mtu huyo aende sokoni akatafute wateja.

Kuna wengine ambao hata ujane wenyewe wamenyimwa. Waume na wana wao walijisalimisha kwa jeshi, au walichukuliwa, na hawakuonekana tena. Ili kupata fidia au kuhamisha hati ya shamba, mwanamke alitakiwa kuchukua cheti cha kifo, yaani akiri kwa sahihi yake kwamba mtu aliyemwona akiingia kwenye basi la jeshi akiwa hai sasa ni maiti. Wengi walikataa. Mwaka 2016 serikali ikaleta cheti cha kutokuwepo, kisha mwaka 2018 ofisi ya watu waliopotea ikaanza kazi. Lakini tangu Februari 2017 kina mama wa Kilinochchi walikuwa wamekwisha kuketi kando ya barabara wakiwa na picha za watoto wao, na maandamano ya namna hiyo yaliendelea miaka mingi.

Nimeyaleta haya katika insha ya mikopo kwa makusudi. Benki ya kawaida hutaka hati, na hati ya shamba ina jina la mume. Mume hayupo, wala hajafa kisheria. Basi mlango wa benki umefungwa, na unaobaki wazi ni wa kampuni ya mikopo midogo, ambayo haitaki hati yoyote. Yenyewe inataka majirani.

Mtindo huu wa kutoa mikopo tunaufahamu. Muhammad Yunus aliuanza katika kijiji cha Bangladesh mwaka 1976, Benki ya Grameen ikasajiliwa mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki yake wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wanawake watano au zaidi wanajiunga, kila mmoja anapata mkopo wake, na wote wanadhaminiana. Mmoja akishindwa, wenzake wanachanga. Kwa mahali penye amani na soko, mtindo huu una mantiki yake, wala sitaki kujifanya hodari wa kuubeza. Tatizo ni pale unapopelekwa kwa wanawake watano ambao wote wametoka kambi moja, wamepoteza vitu vile vile, na wote watategemea mvua ile ile. Ukame ukija, hakuna hata mmoja wa kumshika mwenzake.

Barabara ya A9, inayounganisha Jaffna na kusini mwa kisiwa, ilipofunguliwa baada ya vita, zilipita bidhaa, zikapita benki, na zikapita kampuni za mikopo na za kukodisha pikipiki na trekta. Kijiji ambacho hakikuwa na zahanati kiliweza kuwa na maofisa mikopo wanne, kila mmoja na siku yake ya juma. Mwanamke anakopa kwa wa Jumatatu anunue kuku. Kuku wanakufa. Anakopa kwa wa Jumatano amlipe wa Jumatatu. Kufika mwezi wa nane ana vitabu vitatu vya marejesho, na kuku hana.

Nyumba nazo zilichangia. Serikali ya India iligharimia ujenzi wa makumi ya maelfu ya nyumba, na familia nyingi zilipewa rupia 550,000 kwa awamu ili zijijengee zenyewe. Mpango mzuri, na nyumba zile zipo hadi leo. Lakini bei ya saruji na mafundi ilipanda, na mjane asiye na mwana wa kubeba matofali alilazimika kulipia kila kitu. Wengi wakamalizia paa kwa mkopo. Ukipita unaona nyumba imara yenye vigae, na ndani yake yumo mtu anayejificha akisikia mlio wa pikipiki.

Hapa niseme habari ya hesabu, maana ndipo penye hila. Tuseme mtu amekopa rupia 50,000 kwa mwaka mmoja, na ameambiwa riba ni asilimia 2 tu kwa mwezi. Inaonekana ndogo. Atalipa riba ya 12,000, jumla 62,000, yaani rupia 5,167 hivi kila mwezi. Lakini kila mwezi anarudisha na sehemu ya ule mtaji, kwa hiyo kufikia mwezi wa kumi anashika mkononi sehemu ndogo tu ya zile 50,000, na bado anatozwa riba kana kwamba anazo zote. Ukiikokotoa kwa salio linalopungua, riba yake kwa mwaka inazidi asilimia 40. Na huo ni mfano wangu wa mkopo mpole. Kaskazini mwa Sri Lanka ilikuwapo mikopo mikali kuliko huo kwa mbali.

Mwaka 2018 mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa kuhusu madeni na haki za binadamu, Juan Pablo Bohoslavsky, alitembelea Sri Lanka. Alieleza juu ya wakusanyaji madeni wanaowatukana na kuwatisha wanawake, na wengine kudai ngono. Habari za wanawake waliojiua kwa sababu ya madeni zilikuwa zimekwisha kusikika kutoka Kaskazini na Mashariki. Mwaka huo huo serikali ilitangaza kufuta mikopo isiyozidi rupia 100,000 ya wanawake katika wilaya 12 zilizokumbwa na ukame, na kuweka ukomo wa riba wa asilimia 35. Wapo waliookolewa kweli na tangazo lile. Ila sharti lilikuwa mkopo uwe umechelewa kulipwa kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa hiyo mwanamke aliyehangaika kulipa kila wiki, akiuza hereni za mwisho za binti yake au akikopa kwingine, hakuonekana kuwa na shida. Uaminifu wake ndio uliomtoa kwenye orodha.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, si wa uchumi, na kuna upande wa lugha ambao wachumi huupita haraka. Mikopo hii ilisainiwa kwa mikataba ambayo mara nyingi mkopaji hakuweza kuisoma, kwa kuwa iliandikwa kwa lugha isiyo yake. Kitamil ni lugha rasmi nchini humo tangu mwaka 1987, lakini kuwa rasmi katika katiba na kuwa kwenye fomu ni mambo mawili. Mambo haya nayajua kwa karibu. Likizo iliyopita nilipewa kibarua cha kutafsiri fomu ya mkopo kwa Kiswahili, kwa ajili ya wanawake wakimbizi kutoka Kongo wanaoishi katika makazi ya magharibi mwa Uganda. Kiswahili ndiyo lugha inayowaunganisha kule. Katika fomu kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba mkopaji "anawezeshwa" na mkopo huu, na chini yake sentensi nyingine, kwa herufi ndogo zaidi, iliyosema kikundi kizima kitabeba deni la mwenzao akihama au akifariki. Nilitafsiri zote mbili. Kisha nikaongeza mstari mmoja wa mfano wa hesabu, kama ule niliouonyesha hapo juu, ili mtu aone atarudisha kiasi gani kwa jumla. Fomu iliporudi mstari wangu ulikuwa umefutwa. Nikaambiwa ulirefusha ukurasa.

Tangu siku hiyo nalitazama kwa jicho jingine neno "kuwezesha", tunalolimwaga ovyo katika insha zetu. Sarufi yake iko wazi: kuna anayeweza, na kuna anayemfanya aweze. Wa pili ndiye mtendaji wa sentensi. Mwanamke wa Mullaitivu aliyevuka rasi chini ya mabomu akiwa na watoto watatu, akakaa kambini miaka miwili, akarudi akasafisha kisima chake kwa mikono, anasubiri nani amfanye aweze? Uwezo anao. Anachokosa ni mtaji, hati ya shamba, bei nzuri, na jibu kuhusu mumewe.

Kuhusu mtaji, kuna utafiti uliofanyika kwetu ambao ningependa wasome wote wanaopanga miradi. Baada ya vita vya kaskazini mwa Uganda, shirika moja na watafiti, akiwamo Christopher Blattman, walifuatilia watu maskini kabisa, wengi wao wanawake, katika vijiji 120. Waliwapa takriban dola 150, mafunzo ya siku chache ya biashara ndogo, na mtu wa kuwatembelea baadaye. Zilikuwa zawadi, hawakutakiwa kurudisha. Mapato yao yaliongezeka karibu maradufu. Lakini mamlaka ya mwanamke ndani ya nyumba hayakubadilika sana, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote niliyemsimulia nyumbani. Kwa upande mwingine, tafiti sita za mikopo midogo zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, zilionyesha kwamba mkopo humpa mtu nafasi zaidi ya kuchagua, lakini haumtoi kwenye umaskini kama tulivyohubiriwa. Kwa maoni yangu, mtu asiye na kitu kabisa asianzishiwe maisha kwa deni. Apewe kwanza. Akishasimama, akope akitaka.

Na akope kwa nani? Hapa ndipo nilipowakuta Watamil wakifanana na sisi kiasi cha kunichekesha. Wanao mchezo wa pesa wanaouita seettu: wanawake wanachanga kila mwezi, na mmoja mmoja anachukua chungu kwa zamu. Waswahili wa pwani watasema huo ni upatu, na Wakongo watasema likelemba. Kwetu Acholi kuna vikundi vya kuweka na kukopa tunavyoviita "bol i cup", yaani tupa kwenye kikombe. Nilimwuliza shangazi yangu, ambaye amewahi kukopa kote kuwili, tofauti ni nini, akanitazama kama mtu aliyeuliza maji yana faida gani.

"Mwanangu, mwaka ule nilipougua, wenzangu wa kikombe walisema tusubiri, mwenzetu yuko kitandani. Ofisi ile nyingine ilimtuma kijana akahesabu mbuzi wangu."

Sri Lanka ina kitu kingine kikubwa kuliko seettu, nacho ni vyama vya ushirika. Jaffna ina historia ndefu ya ushirika, na vyama vingi vya kuweka na kukopa vilipita vitani vikaumia lakini havikufa. Ahilan Kadirgamar, mchumi wa siasa katika Chuo Kikuu cha Jaffna, ameandika mara nyingi kwamba mikopo ya kujiajiri imewazamisha watu wa vijijini, na kwamba njia iko katika ushirika unaowakopesha wanachama kwa riba ndogo na pia unaowanunulia na kuwauzia mazao. Hilo la kuuza ndilo lenye uzito. Miradi mingi ya baada ya vita iliwafundisha wanawake kazi zile zile: cherehani, kuku, unga wa pilipili. Ukiwafundisha ushonaji wanawake ishirini katika kijiji cha kaya mia, umeua bei ya kushona sketi ya shule kabla ya cherehani ya kwanza haijafika. Wengine wamekwenda kwenye viwanda vya nguo vilivyofunguliwa Kilinochchi. Mshahara ni mdogo, lakini unakuja kila mwezi, na sioni haki ya mimi mwenye chakula cha bwenini kuwadharau.

Ushirika ukiwa hai, hata mti wa kawaida unakuwa mtaji. Kule Jaffna ni mvumo, mnazi wao wa ukame. Bodi ya serikali ya kuendeleza zao hilo ilianzishwa mwaka 1978. Wanaume hupanda kugema, utomvu unapikwa kuwa sukari guru, na wanawake husuka majani kuwa vikapu, pakacha, mikeka na vifuniko. Mti huo haudai mbolea, wala haufi kwa kideri kama kuku. Mwanamke anaweza kusuka akiwa kwake, akimwangalia mama mkwe mgonjwa. Lakini kikapu kimoja kimoja barabarani hakiwezi kumlisha mtu. Kinahitaji wenzake mia, ghala, na mtu wa kukisafirisha hadi Colombo bila kumnyonya.

Kisha ikaja 2022. Aprili mwaka huo Sri Lanka yenyewe, kama nchi, ilitangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake ya nje. Rupia ikaporomoka, mafuta ya taa ya wavuvi yakakosekana, na Septemba mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 70. Serikali ikapewa muda, ikajadiliana na wadai wake, na Machi 2023 Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa karibu dola bilioni 3. Mwanamke wa Mullaitivu mwenye vitabu vitatu vya marejesho alitazama yote hayo, na Ijumaa ilipofika ofisa wake alikuja kama kawaida. Hakuna aliyemwalika kwenye meza ya mazungumzo.

Sasa mzozo umehamia kwenye sheria. Sri Lanka ilitunga sheria ya mikopo midogo mwaka 2016, mwaka ule ule ambao Uganda ilitunga yake inayogusa wakopeshaji, vyama vya akiba na hata vikundi vya kusaidiana. Katika miaka ya karibuni kule kumeandaliwa muswada mpya wa kuunda mamlaka ya kusimamia wakopeshaji, na baadhi ya watetezi wa wanawake wanahofia kwamba utavibana vikundi vya kijijini pamoja na makampuni, kana kwamba ni kitu kimoja. Kampuni ina wanasheria wa kujaza fomu. Kikundi cha shangazi yangu kina daftari moja, sanduku lenye kufuli tatu, na wanawake watatu wanaoshika funguo, ambao ni mmoja tu kati yao anayesoma bila kufuatisha kwa kidole. Nimewaahidi kwamba masharti yoyote ya usajili yakitoka, nitawatafsiria kwa Kiacholi mstari kwa mstari, pamoja na yale yaliyoandikwa kwa herufi ndogo.